Kompyuta ya Mwaka 2013 na Daftari la Dakika

Kompyuta mpakato ninayoitumia ilitengenezwa mwaka 2013. Niliinunua mtumba Kariakoo, ikiwa na kichakataji (ubongo wa kompyuta) cha Intel Core i5 cha kizazi cha tatu, RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zinazoendelea) ya GB 4 na diski ya sahani (hifadhi ya mafaili) ya GB 320, na kwa miaka mingi ilinitosha kabisa kwa kazi yangu ya ualimu: kuandaa mitihani, kuingiza alama za wanafunzi kwenye Excel, kuandika barua na kusoma makala mtandaoni. Kufikia Novemba mwaka jana ilikuwa imegeuka mzigo. Nilikuwa ninabonyeza kitufe cha kuwasha, ninakwenda jikoni kuchemsha chai, na nikirudi na kikombe mkononi ninakuta kiduara bado kinazunguka kwenye skrini. Faili la alama za kidato cha tatu, lenye wanafunzi 140 tu, lilihitaji karibu dakika mbili kufunguka.

Mdogo wake mke wangu aliitazama akaniambia, "Shemeji, hii imechoka, iuze uongeze hela upate nyingine." Fundi wa mtaani naye alisema, "Mwalimu, hapa dawa ni kupiga Windows upya." Wote wawili walinishauri kwa nia njema, lakini hakuna aliyeniambia kompyuta ilikuwa inasubiri nini. Ninaamini hilo ndilo swali la kwanza. Kompyuta inapokuwa nzito, mara nyingi kuna sehemu moja ndani yake iliyoelemewa, na sehemu nyingine zote zinakaa bure zikiisubiri. Ukibadili mipangilio bila kuijua sehemu hiyo, unaweza kuhangaika wiki nzima na usipate hata sekunde kumi.

Kwa hiyo Ijumaa moja jioni nilichukua daftari la mazoezi na saa ya simu, nikachagua kipimo kimoja kisichobadilika: muda wa kuanzia kubonyeza kitufe cha kuwasha hadi kuweza kuandika namba ndani ya lile faili la alama. Nilipima mara tatu, nikapata wastani wa dakika 8 na sekunde 35. Kisha nikajiwekea utaratibu wa kubadili jambo moja tu kwa siku, kupima tena mara tatu, kuandika matokeo, na kurudisha mpangilio ulivyokuwa endapo haukuleta tofauti.

Kabla ya kugusa chochote nilinakili mafaili yangu yote kwenye flashi mbili, na ninamsihi kila atakayefuata njia hii aanzie hapo hapo. Kompyuta inaweza kuwa nzito kwa sababu diski inakufa, na diski inayokufa haitibiwi kwa mipangilio. Nilitumia programu ndogo ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, ambayo husoma taarifa ambazo diski yenyewe huzitunza kuhusu afya yake na kuzionyesha kwa rangi: bluu kwa diski nzima, manjano kwa diski inayohitaji tahadhari, nyekundu kwa iliyo mbaya. Yangu ilikuwa ya bluu. Kama ingekuwa ya manjano, ningeacha mengine yote na kutafuta diski mpya kwanza.

Ndipo nikafungua dirisha la kusimamia kazi, lile linalotokea ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Nilikaa nalitazama kwa dakika tano kompyuta ikiwa imetoka kuwaka, na picha niliyoiona ilinieleza karibu kila kitu. Safu ya kichakataji ilikuwa inacheza kati ya asilimia 9 na 15. Safu ya RAM ilisimama kwenye asilimia 81. Safu ya diski ilikuwa asilimia 100, imekolea rangi, wala haikushuka kwa dakika nne na nusu, huku taa ndogo ya diski pembeni mwa kibodi ikiwaka bila kupepesa na sauti ya kukwaruza ikisikika chini ya kiganja changu cha kushoto. Kichakataji, ambacho kila mtu alikuwa anakilaumu kwa uzee, kilikuwa hakina la kufanya.

Inafaa kueleza kwa nini diski ya namna hii huelemewa. Diski yangu ilikuwa ya mizunguko 5,400 kwa dakika, yaani sahani yake huzunguka mara 90 kwa sekunde. Ili kusoma kipande cha faili, mkono wenye kichwa cha kusomea lazima usogee hadi mahali panapohusika, kisha usubiri sahani izunguke mpaka kipande hicho kipite chini yake, na kungoja huko peke yake huchukua kwa wastani nusu ya mzunguko, karibu milisekunde tano na nusu. Ni muda mdogo ukiwa unasoma faili moja refu lililopangwa mfululizo. Lakini kompyuta inapowaka, programu nyingi huomba kwa wakati mmoja maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika kila upande wa sahani, na mkono ule mmoja unakimbizana navyo huku na huku, ukihudumia maombi yasiyofika hata mia moja kwa sekunde. Kila programu unayoizuia isijianzishe yenyewe inaupunguzia mkono huo safari.

Nilianza hapo. Katika dirisha lile lile kuna kichupo cha programu zinazojianzisha, ambamo Windows yenyewe huonyesha kila programu ina athari kubwa, ya kati au ndogo wakati wa kuwaka. Nilikuta programu 17. Nilikuta ya kusasisha printa niliyokuwa nimeshaigawa, programu ya modemu ambayo laini yake ilishafungwa, programu mbili za kupigiana simu, ya muziki, na tatu za kuulizia kama kuna toleo jipya la kitu fulani. Nilizima 12. Tano nilizoziacha ni za sauti, za kiguso cha kusogezea mshale na za usalama, kwa sababu kuzima usichokijua kunaweza kukuacha na kompyuta isiyotoa sauti siku ya somo. Kuzima katika kichupo hicho hakufuti programu. Ukiihitaji unaifungua kwa mkono wako. Siku hiyo niliandika dakika 5 na sekunde 50, na hakuna siku nyingine ya mipangilio iliyoleta punguzo kubwa kama hilo.

Jambo la pili lilinishangaza. Kompyuta yangu ilikuwa na antivirusi mbili. Moja ni ile inayokuja na Windows 10 yenyewe, na nyingine niliwekewa na fundi miaka ya nyuma, muda wake wa leseni ukaisha, lakini ikaendelea kuwaka na kukagua kila faili linalofunguliwa huku ikinidai malipo. Niliiondoa kabisa kwa utaratibu wake, nikahakikisha ile ya Windows imeshika zamu, na muda ukashuka hadi dakika 4 na sekunde 30. Ninajua wapo wanaoshauri antivirusi zote zizimwe ili kompyuta iwe nyepesi, na ushauri huo ninaupinga kwa nguvu zote. Katika shule zetu flashi moja huzunguka kwa walimu kumi, ikatoka kwenye chumba cha kompyuta ikaenda steshenari na kurudi, na kila mwaka ninamwona mwenzangu mmoja anafungua flashi yake na kukuta mafaili yote yamegeuzwa shotikati na virusi. Sekunde chache unazozipata kwa kuzima ulinzi hazilingani na kazi ya muhula mzima.

Baada ya hapo nilihamia kwenye umeme na joto. Katika kichupo cha utendaji cha dirisha lile niliona kichakataji kimeganda kwenye kasi ya GHz 1.2 hata nilipokilazimisha kufanya kazi, ilhali kasi yake ya kawaida ni GHz 2.6. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni mpango wa umeme: mtu, na huenda ni mimi mwenyewe siku ya mgao, aliuweka kwenye kubana matumizi ya betri na hakuna aliyeurudisha. Niliubadili uwe wa kawaida kila kompyuta inapochomekwa kwenye umeme. Ya pili ni vumbi. Kompyuta ikipata joto kupita kiasi, kichakataji hujipunguzia kasi chenyewe ili kisiungue, na hapo hakuna mpangilio utakaosaidia mpaka joto litoke. Nilifungua mfuniko wa chini kwa bisibisi ndogo na kukuta mbele ya feni utando wa vumbi la kijivu, mnene kiasi kwamba niliubandua kwa kibanio ukatoka mzima kama kipande cha kitambaa. Ile krimu inayopakwa kati ya kichakataji na bati la kupoza ilikuwa imekauka na kupukutika kama chaki, nikaifuta kwa spiriti na kupaka mpya kiasi cha punje ya mchele. Feni iliyokuwa ikivuma kutwa nzima ilinyamaza. Kipimo cha kuwaka hakikupungua sana, kwa kuwa pale kinachosubiriwa ni diski, lakini kuhesabu madaraja ya kidato kizima kwenye Excel kulikuwa kwepesi kiasi cha kuonekana kwa macho.

RAM ilihitaji fikra zaidi. GB 4 zinapojaa, Windows huchukua vitu visivyotumika kwa wakati huo na kuviandika kwenye faili maalumu ndani ya diski, kisha huvisoma tena vinapohitajika. Ukikumbuka jinsi diski ya sahani inavyofanya kazi, utaona kwamba kujaa kwa RAM ni kuiongezea mzigo sehemu ile ile iliyokwisha kuelemewa. Mlaji mkubwa kwangu alikuwa kivinjari changu, Chrome. Nilikuwa na tabia ya kuacha kurasa 20 wazi, na kila ukurasa unashika nafasi yake hata usipoutazama. Nilifuta viongezi sita (programu ndogo zinazopachikwa kwenye kivinjari) nisivyovitumia, nikawasha mpangilio wa kuzilaza kurasa zisizoguswa kwa muda, na katika sehemu ya mfumo ya mipangilio ya Chrome nikazima ruhusa ya kuendelea kufanya kazi baada ya dirisha lake kufungwa. Ruhusa hiyo wengi hawaijui. Unaweza kudhani umeifunga Chrome, kumbe bado ipo kichinichini inakula megabaiti mia kadhaa.

Madoido ya skrini ndiyo yanayotajwa kwanza katika kila ushauri wa kuharakisha kompyuta, nami nimeyaweka huku mbali kwa makusudi. Ukiandika sysdm.cpl kwenye kisanduku cha kutafutia, ukafungua kichupo cha mambo ya juu (Advanced) na kuingia kwenye mipangilio ya utendaji, utakuta orodha ya vivuli, mififio na miondoko ya madirisha, na chaguo la kuyazima yote kwa pamoja. Niliyazima, nikarudisha mawili tu: kulainisha kingo za herufi, maana bila hilo macho yanauma baada ya saa moja ya kusoma, na kuonyesha picha ndogo badala ya aikoni. Daftari langu linaonyesha tofauti ya sekunde nne katika kuwaka, kiasi ambacho kinaweza kuwa bahati tu. Hata hivyo madirisha yanafunguka na kufungika papo hapo bila kuteleza, na mtu anayekaa mbele ya kompyuta kutwa anaisikia nafuu hiyo, ndiyo maana sikuyarudisha.

Kwenye huduma za ndani, zile zinazoonekana ukiandika services.msc, nilizigusa mbili. SysMain, inayojaribu kutabiri programu utakazozifungua na kuzipakia mapema kwenye RAM, niliizima, kwa kuwa katika kompyuta ya GB 4 yenye diski ya sahani ilikuwa inaichosha diski katika zile dakika ambazo mimi ninaihitaji. Kwingine huduma hiyo hiyo husaidia, hivyo pima kwako kabla ya kuniiga. Utafutaji wa Windows sikuuzima; niliupunguzia eneo tu ili uorodheshe folda yangu ya nyaraka na kuacha mengine. Kuwaka kwa haraka (Fast startup), ambako Windows huhifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski wakati wa kuzima, nilikuacha kama kulivyo kwa sababu diski ya polepole inakuhitaji. Lakini lazima ujue matokeo yake: ukichagua kuzima, kompyuta haianzi upya kabisa inapowashwa tena. Ikiwa imeganda-ganda kwa siku kadhaa na unataka ijisafishe kweli, chagua kuwasha upya. Hadi hapo nilikuwa nimefika dakika 3 na sekunde 40.

Yapo mambo yanayosambazwa sana ambayo ningependa wasomaji wangu waepushwe nayo. La kwanza ni kuingia msconfig, dirisha la mipangilio ya kuwaka, na kuchagua idadi kubwa ya vichakataji. Windows hutumia viini vyote vya kichakataji bila kuambiwa, na sehemu ile ipo kwa ajili ya kuvipunguza wakati wa kutafuta hitilafu. La pili ni programu za kusafisha rejista, yaani ghala la mipangilio ya Windows, ambazo Microsoft yenyewe haiungi mkono matumizi yake na zinaweza kufuta kitu ambacho kompyuta inakihitaji ili iwake. La tatu ni kulifuta lile faili la diski linalosaidia RAM, jambo ambalo kwa mtu mwenye GB 4 maana yake ni programu kufungwa ghafla katikati ya kazi. La nne ni kufuta kila wiki yaliyomo kwenye folda ya Prefetch. Yamewekwa pale ili programu zifunguke haraka, na ukiyafuta unailazimu kompyuta kuyaandaa upya.

Kwa sisi tunaonunua bando, kuna mpangilio mmoja unaoiokoa kompyuta na mfuko pamoja. Kwenye sifa za mtandao wa simu unaojiunganisha nao, ueleze kuwa ni mtandao wenye kipimo (metered). Windows itaacha kupakua masasisho mengi kichinichini unapofanya kazi, diski itapumua na bando litadumu. Masharti yake ni kwamba utenge siku ya kupakua masasisho ya usalama kwa hiari yako. Mimi hufanya hivyo Jumamosi ya kwanza ya mwezi.

Na lile faili la alama? Niligundua kwamba sehemu kubwa ya uzito wake haikuhusu kompyuta. Nilibonyeza Ctrl na End ili nione seli ya mwisho inayotumika, nikitarajia kupelekwa mstari wa 145 hivi, nikajikuta kwenye mstari wa 1,048,576, ambao ndio wa mwisho kabisa katika karatasi ya Excel. Wakati fulani nilikuwa nimechora mistari ya jedwali kwenye seli zote hadi mwisho wa karatasi badala ya kwenye majina ya wanafunzi tu, na Excel ikatunza mapambo hayo hadi chini kabisa. Nilifuta mistari yote iliyozidi, nikahifadhi, na faili likashuka kutoka MB 11 hadi KB 190. Linafunguka sasa kabla sijaondoa kidole kwenye kipanya. Kipimo kizima kikawa dakika 2 na sekunde 15.

Hapo mipangilio iliishia. Wiki mbili zilizofuata nilijaribu hili na lile na daftari halikusogea. Nilikuwa nimeondoa zaidi ya dakika sita bila kutumia shilingi, ila kwa spiriti na ile krimu, na zaidi ya hayo nilikuwa ninajua kwa hakika niongeze kitu gani. Nilinunua diski ya SSD ya GB 240 na kipande cha pili cha RAM cha GB 4. SSD haina sahani wala mkono, hivyo kipande chochote cha faili kinapatikana bila kungoja mzunguko. Kwa RAM nilihakikisha mambo mawili kabla ya kulipa: kwamba ni aina ya DDR3, kwani ya DDR4 haiingii kwenye nafasi yake, na kwamba Windows yangu ni ya biti 64, maana ya biti 32 isingeweza kutumia zaidi ya GB 4 hata ningeongeza kiasi gani. Nilihamisha kila kitu kwenye SSD, nikairudisha SysMain kazini kwa sababu sasa haimsumbui mtu, nikapima. Sekunde 47.

Bado kuna suala la Windows 10 yenyewe, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji binafsi waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza hupata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, nami nimejiandikisha. Windows 11 haiwezi kuingia rasmi kwenye kompyuta hii, kwa kuwa inadai TPM 2.0, kifaa cha usalama ndani ya kompyuta, na, kwa upande wa Intel, karibu kila mara kichakataji cha kuanzia kizazi cha nane. Kwa hiyo likizo ya Juni nitaweka Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, yenye mazingira mepesi ya skrini yaitwayo Xfce, ambayo kwa mujibu wa watengenezaji wake hutosheka na RAM ya GB 2 na hupendekezewa GB 4. Nimeshaijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski: intaneti ilishika, printa ya ofisi ya walimu ilitoa karatasi, na faili la alama lilifunguka kwenye LibreOffice, programu ya bure inayofungua mafaili ya Excel, likiwa na fomyula zake zote isipokuwa moja, ambayo niliiandika upya kwa dakika tano.

Diski ya sahani sikuitupa. Niliinunulia kasha la USB, nayo sasa inatunza nakala za mitihani na alama. Kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho ninaichomeka, taa yake inawaka, ule mkwaruzo wake unasikika kwa dakika tatu hivi juu ya meza, kisha ninaichomoa na kuifungia kabatini.